Mwaka Ambao Theluji Haikuja

Asubuhi ya Krismasi ya mwaka 2023 niliamka hapa Minneapolis, Marekani, nikasikia mvua ikipiga paa la kibaraza. Nilibaki kitandani nikiisikiliza. Kwa dakika kadhaa nilikuwa Moshi, mwezi wa Aprili, masika yameshika. Kisha nikakumbuka niko wapi. Nikasogeza pazia: majani makavu yamelala chini na rangi yao ya kahawia, lami inang'aa, maji yametuama chini ya nguzo ya taa. Mwanangu, aliyekuwa na miaka saba, alikuwa ameshatangulia dirishani. Suruali yake ya theluji alikuwa ameitundika begani. Hakusema kitu.

Nilihuzunika. Miaka michache kabla ya hapo ningepiga goti kumshukuru Mungu kwa mvua ile, maana nilifika jimbo hili la Minnesota Januari ya 2016, na majira matatu ya kwanza ya baridi niliyaishi kama mtu anayengoja kifungo kiishe. Nyumba, gari, kazini; kazini, gari, nyumba. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu ya usiku, kwa hiyo kuna wiki za Desemba ambazo sikuliona jua kabisa. Naingia giza, natoka giza, nalala mchana. Wenzetu waliotutangulia walitupa ushauri ule ule waliopewa wao: "Dada, Novemba ikifika jifungie. Aprili utatoka." Niliufuata. Mwaka wa tatu daktari akaniambia vitamini D imeshuka sana, akaniandikia vidonge, kisha akaniuliza kama huwa natoka nje. Nilimtazama nisijue nimjibu nini. Nje wapi, na nyuzi 20 chini ya sifuri?

Kilichonitoa ndani ni beleshi. Mwaka 2019 tulihamia kwenye nyumba yenye njia ya waenda kwa miguu mbele yake, na sheria ya mji huu inamtaka mwenye nyumba aondoe theluji hapo ndani ya saa 24 tangu ilipokoma kuanguka. Mume wangu anatoka alfajiri. Mimi ndiye ninayerudi asubuhi, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Siku ya kwanza nilitoka nimevaa makoti mawili, na hasira juu. Baada ya dakika kumi nilifungua koti la juu. Baada ya ishirini nililivua. Nilisimama katikati ya njia nimeegemea mpini, pumzi inatoka kama moshi wa kuni mbichi, jasho mgongoni, nikagundua jambo ambalo kwa miaka mitatu hakuna aliyeniambia: sikuwa nasikia baridi. Baridi niliyokuwa naiogopa ni ile ya kutoka mlangoni kwenda kwenye gari, umesimama tu unatafuta funguo, miguuni una viatu vya kwendea kanisani. Mwili ukifanya kazi, wenyewe ni jiko.

Halafu nikasikia ukimya. Tunaishi karibu na barabara kuu, magari hayakomi usiku na mchana, lakini asubuhi ile mngurumo wake ulikuwa kama umefunikwa na godoro. Na kweli ulikuwa umefunikwa. Theluji mpya iliyo nyepesi, asilimia 90 na zaidi ya ujazo wake ni hewa iliyonaswa katikati ya fuwele, na vijitundu vile vinameza sauti. Nilizima hata muziki wa simuni. Nikamaliza njia yetu, nikaendelea na ya jirani.

Kuhusu nguo nitasema kwa urefu, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapoteseka bure. Adui ni pamba. Fulana ya pamba ikishalowa jasho haikauki, inakaa na maji mwilini na kukunyonya joto. Vaa ya sufu karibu na ngozi, au ya nyuzi za viwandani, inayobana. Katikati sweta. Juu koti jepesi tu, ila lisilopitisha upepo, kwa sababu upepo ndio unaoua. Unapoanza kutembea usikie kabaridi kidogo. Ukitoka mlangoni na joto la kutosha, dakika kumi mbele utalowa jasho, na jasho likipoa ndipo taabu inapoanza. Glavu za vidole vitano ni za kuendeshea gari. Za kutembea ni zile ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja vikipashana joto. Buti liwe kubwa kidogo. Soksi mbili ndani ya buti linalobana zinazuia damu, na mguu usiopata damu utaganda hata ungevaa nini. Chini ya kofia ya sufu mimi hufunga kitambaa cha satini ili nywele zisikatike. Karibu vitu vyangu vyote nilivipata kwenye maduka ya mitumba, maana na huku mitumba ipo, na watu hapa huuza nguo nzuri za baridi watoto wakishakua. Kisha chupa ya chai, tangawizi ya kutosha. Ukiwa na hayo, nyuzi 15 chini ya sifuri ni hali ya hewa ya kutembea. Zikishuka kufika 30 na upepo uko, baki ndani. Hapo hata wenyeji hubaki ndani.

Mimi ni mtoto wa Moshi. Tulikua tukiiona theluji kila Mlima Kilimanjaro ulipofunguka, asubuhi tukienda shule na jioni tukirudi, na bibi alituhadithia jinsi Mawenzi, kilele kidogo, alivyokuwa akienda kwa Kibo, kile kikubwa, kuomba moto kila mara, mpaka Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi ana mapengo. Tulijua kule juu kuna weupe. Hatukuwahi kuugusa. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, alipouona weupe ule tarehe 11 Mei 1848, mtu aliyekuwa akimwongoza njia aliuita kwa neno moja tu: baridi. Rebmann aliandika habari hizo, na wasomi wa jiografia huko Uingereza wakambishia kwa miaka, wakidai theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Wenyeji walioishi chini ya mlima hawakuulizwa.

Hata maneno yenyewe yana safari yake. Theluji tumeipata kwa Waarabu. Barafu asili yake ni Kiajemi, na huko maana yake ni theluji yenyewe, ile inayodondoka, wala si kipande kigumu cha kutia kwenye soda. Pwani yetu ilikuwa na majina mawili ya kitu ambacho hakijawahi kuanguka Mombasa wala Kilwa. Mimi niliyezaliwa ninakitazama, ilinibidi nivuke bahari nije kwenye nchi tambarare ndipo nikishike mkononi.

Nikishike, na nikichungulie. Chembe ya theluji ikitua kwenye mkono wa koti jeusi, una sekunde chache za kuiona kabla haijayeyuka, na hesabu pembe zake: sita. Molekyuli za maji zikiganda hujipanga kwa pembe sita, kwa hiyo chembe inayokua vizuri haiponyoki kwenye umbo hilo. Mkulima mmoja wa Jericho, Vermont, Wilson Bentley, alifanikiwa kuipiga picha chembe moja kwa hadubini mwaka 1885, akiwa na miaka 19, akaendelea mpaka zikapita picha 5,000. Miaka yote hiyo alifanya kazi kwenye banda lisilo na moto. Namwelewa. Mimi na mwanangu tunatumia kioo cha kukuzia cha shilingi chache, na bado tunaitana kwa sauti.

Lakini uzuri pekee haukutosha kunifanya nihuzunike siku ile ya Krismasi. Kilichonibadilisha ni kujua kinachoendelea chini yake.

Theluji ikifika unene wa sentimita 15 au 20 inakuwa blanketi kweli kweli. Blanketi halina joto lake. Linanasa hewa, na hewa inazuia joto lako lisitoroke. Ardhi nayo ina joto ililolihifadhi tangu kiangazi. Juu ya theluji panaweza kuwa nyuzi 25 chini ya sifuri, na chini kabisa, pale theluji inapogusana na udongo, pakawa sifuri au pungufu kidogo tu. Joto hilo la ardhi hugeuza theluji ya chini kuwa mvuke, mvuke unapanda na kuganda tena juu zaidi, na huku chini panabaki nafasi, dari lake ni fuwele kubwa zinazomeguka kama sukari guru. Humo ndani kuna maisha. Panya wa porini wanachimba njia kutoka kwenye mzizi mpaka kwenye mbegu. Virukanjia, vile vinyama vidogo kama panya vyenye pua ndefu, wanawawinda wadudu, kwa sababu kirukanjia halali majira ya baridi na hawezi kukaa saa nyingi bila kula. Kuna ndege wa jamii ya kwale ambaye jioni hujitupa kichwa kichwa ndani ya theluji laini, akalala humo usiku kucha. Ukipita msituni alfajiri anaweza kulipuka karibu na mguu wako, na moyo unasimama.

Na kuna chura. Chura wa msituni wa huku hachimbi shimo refu. Anajificha chini ya majani makavu, anaganda, moyo wake unasimama, hapumui. Sukari anayoijaza mwilini ndiyo inayolinda chembe hai zake zisipasuke. Aprili anayeyuka, anaanza kuita. Sasa fikiria: anaweza kuvumilia kuganda, lakini kuna kiwango ambacho hakivumilii. Kinachomtenga na kiwango hicho ni yale majani na theluji iliyolala juu yake. Ikikosekana, baridi inashuka moja kwa moja mpaka kwake. Mizizi ya miti inaganda kwa kina zaidi, na mimea ya bustanini inayotegemea kulala salama inakufa. Tangu nijue hayo, majira ya baridi yasiyo na theluji nayaona kama mtoto aliyelazwa nje bila shuka.

Mwanga nao. Jua la Desemba hapa linazama saa kumi na nusu jioni. Ardhi ikiwa tupu, giza linaingia kama mtu aliyezima taa. Ikiwepo theluji, mwanga wowote mdogo, wa mwezi, wa madirisha, wa taa za mbali, unarushwa juu tena na tena, usiku unakuwa na rangi ya maziwa, na unaweza kutembea kwenye bustani ya Theodore Wirth Park saa mbili usiku bila tochi ukaona kivuli chako. Theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga. Mimi niliyekuwa naingia kazini giza natoka giza, mwanga huo ulinitibu kwa namna ambayo sijui kuieleza vizuri. Mume wangu aliona kabla yangu. Aliniambia, "Mama Brayani, siku hizi unaimba jikoni."

Majira ya 2022 hadi 2023 yalitupa theluji zaidi ya inchi 90, ya tatu kwa wingi tangu kumbukumbu zianze kuwekwa hapa. Nilifagia mpaka mabega yakauma. Yaliyofuata, yale ya mvua ya Krismasi, yaligeuka kuwa ya joto kuliko yote katika kumbukumbu za mji huu, yakivunja rekodi iliyokuwapo tangu 1877–78. Huku maisha ya watu yamefungamana na barafu na theluji kama ya kwetu yalivyofungamana na vuli na masika. Zikikosekana, kalenda nzima inayumba. Wavuvi huenda maziwani, hutoboa shimo, hukaa kwenye vibanda wakivua. Kanuni ni barafu safi isiyopungua inchi 4, sentimita 10 hivi, kabla ya mtu kukanyaga. Mwishoni mwa Desemba ile, kule kwenye ziwa la Upper Red Lake, kipande kikubwa cha barafu kilikatika kikaelea na watu zaidi ya 100 wakaokolewa. Mashindano ya mbwa wanaovuta sleji, kigari cha theluji kisicho na magurudumu, ya mji wa Duluth, yanayobeba jina la John Beargrease, yalifutwa kwa kukosa theluji, na mwaka uliofuata yakafutwa tena. Huyu Beargrease alikuwa Mwanishinaabe, mmoja wa wenyeji wa asili wa huku, aliyepeleka barua kando ya ziwa la Lake Superior kwa mbwa na kwa mtumbwi, miaka ishirini kuanzia 1879, wakati vijiji vile havikuwa na barabara ya maana. Theluji ndiyo iliyokuwa barabara.

Jimbo jirani la Wisconsin, mbio za Birkebeiner zinazovuka msitu tangu 1973 kwa skii, zile mbao nyembamba za miguuni za kutelezea juu ya theluji, zilikimbiwa kwa kuzunguka kitanzi cha kilomita 10 cha theluji iliyotengenezwa kwa mashine. Na hapa kwetu, Februari 17 na 18, Kombe la Dunia la skii za masafa lilikuja Theodore Wirth Park, baada ya miaka zaidi ya ishirini bila kufika Marekani, kwa jitihada kubwa za Jessie Diggins, mwanamichezo wa skii, binti wa Afton, hapo jirani tu. Wiki nzima kabla ya hapo bustani ilikuwa ya kahawia, na njia ya mashindano ni utepe mweupe wa theluji ya mashine katikati ya nyasi kavu. Nilipita kwa gari nikatamani kulia. Siku chache kabla ya mashindano, theluji ikaanguka. Ya kweli. Tulikwenda familia nzima tukasimama kando ya njia na maelfu ya watu, kengele zikilia kama za ng'ombe wakirudi zizini, na Gus Schumacher, kijana wa Alaska, akashinda kilomita 10. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Nikiwa pale nilimsimulia mwanangu habari za Philip Boit, Mkenya mkimbiaji aliyejifunza skii Finland, akashindana kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, wa 92. Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyekuwa ameshamaliza wa kwanza kitambo, hakwenda kwanza kuchukua medali yake. Alibaki kwenye mstari wa mwisho akimngoja Boit, akamkumbatia. Boit naye baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Mwanangu aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo na mimi naweza?" Jumamosi iliyofuata tulikodi skii. Nilikuwa na miaka 38. Nilianguka mara nyingi, na theluji ilinipokea vizuri kila mara.

Watu wa nyumbani huniuliza kama yote haya yananihusu nini mimi, mtu wa kuja. Mama aliniuliza hivyo hivyo kwenye simu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Bado mko kwenye barafu?" Nikamwambia mwaka huu haipo. Akanyamaza, kisha akasema, "Na huku mlima umefunguka leo, lakini umebaki kipara."

Kibo kimepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake tangu 1912. Hapa napenda kusema ukweli ulivyo, kwa sababu mara nyingi nasikia kwamba barafu ile ikiisha mifereji ya Uchagani itakauka. Maji yetu mengi hayatoki kwenye barafu ya kileleni. Yanatoka kwenye mvua inayodakwa na msitu chini yake, na anayekata msitu ule anatudhuru haraka kuliko jua linaloyeyusha kilele. Magharibi ya Marekani hali ni nyingine: theluji ya milimani ndiyo tangi lenyewe, inakaa juu miezi mitano na kushuka taratibu, na Mto Colorado unaotokana nayo unategemewa na watu milioni 40 hivi. Minnesota si hivi wala vile. Huku kazi yake kubwa ni kufunika. Ila kuna jambo moja linalounganisha Kibo na bustani yangu: weupe. Theluji mpya ikitua juu ya barafu kuukuu ya kileleni inarudisha jua lilikotoka, na barafu inapumzika. Isipotua, barafu chafu inalinywa jua. Huku nako, ardhi nyeusi inakunywa jua, inapata joto, na theluji inayofuata inakuta pamoto.

Ndiyo maana nimekuwa mkali kwa mambo madogo. Chumvi, kwa mfano. Watu hapa humwaga chumvi barabarani na vibarazani ndoo kwa ndoo, na yote huishia maziwani. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kuharibu galoni 5 za maji, na hakuna njia rahisi ya kuitoa. Mimi naamka mapema nifagie kabla theluji haijakanyagwa ikawa barafu. Ukifagia mapema huhitaji chumvi. Nimewafundisha hivyo akina mama wenzangu wa kanisani, na kina dada wapya waliofika kutoka Kigoma na Kivu kupitia kambi za wakimbizi siwaambii wajifungie. Nawapeleka kwanza kwenye mitumba, kisha Minnehaha Falls, yale maporomoko ya futi 53 ambayo Januari huganda yakawa pazia la buluu, tunakunywa chai tumesimama.

Theluji ilirudi. Usiku mmoja wa Januari tulitembea mimi na mwanangu pembeni mwa msitu, magoti yanazama, nyota zimejaa. Nilikuwa nimemsimulia habari za bundi mkubwa wa kijivu wa kule kwenye kinamasi cha Sax-Zim Bog, anavyokaa juu ya mti akisikiliza panya wanaotembea chini ya theluji nene, kisha akashuka na kutoboa pale pale panya alipo. Akasimama ghafla. Akavua kofia, akapiga magoti, akalaza sikio lake juu ya theluji.

"Brayani, utaganda masikio. Wapo?"

Aliinua kidole bila kunitazama. "Mama, shhh. Ngoja."